Mume wako hakusinzia: ile pete ya rangi inayofuatana na ndege

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Kilosa. Binti yangu amenikatia tiketi ya ndege, Dar hadi KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro), mwezi huu wa Julai, nikamwone mjukuu Moshi. Naondoka saa 2 asubuhi, siku ya kurudi ni saa 10 jioni. Sijawahi kupanda ndege. Marehemu mume wangu alipanda mara moja tu, Mwanza kuja Dar, Februari 1987, saa 10 jioni. Mpaka anafariki alikuwa akisimulia kwamba aliona kivuli cha ndege juu ya mawingu, kimezungukwa na upinde wa mvua ulio duara kamili, ukienda nacho sambamba. Watoto walikuwa wakimcheka, na mimi mwenyewe nilimwambia alisinzia akaota. Je, kitu hicho kipo? Na mimi nikae upande gani nione cha maana? Wenzangu wanasema huko juu ni mawingu matupu. Mitikisiko pia naiogopa. Wewe uliyerusha ndege, uliona nini usichokisahau?

Jibu:

Shikamoo mama.

Nianze na la mzee. Kitu hicho kipo, na alikieleza sawasawa: kivuli katikati, rangi zimekizunguka, vyote viwili vinateleza juu ya mawingu kwa mwendo wa ndege yenyewe. Nimerusha ndege za abiria ndani ya nchi hii kwa miaka mingi na nimekiona mara nisizoweza kuhesabu. Sijawahi kukizoea.

Tena kwa maelezo yako hayo machache naweza kukuambia alikaa wapi. Ndege itokayo Mwanza kuja Dar huelekea kusini-mashariki. Februari saa 10 jioni jua limeshaanza kuteremka magharibi, kwa hiyo lilikuwa nyuma ya ndege, upande wa kulia. Kivuli huangukia kinyume na jua, basi kilikuwa mbele kidogo, upande wa kushoto. Mzee alikaa dirisha la kushoto akatazama chini. Kwa kuwa hukuniambia upande, muulize yeyote kati ya watoto kama anakumbuka baba alisema alikaa wapi. Nina hakika atajibu kushoto, na mtu aliyesinzia akaota hawezi kupatana na jua namna hiyo.

Kuna jambo jingine kuhusu pete hiyo, na ndilo linalonigusa zaidi. Katikati yake si katikati ya ndege. Katikati yake ni pale kinapoangukia kivuli cha macho ya anayetazama. Aliyekaa mbele huona pete imezunguka pua ya kivuli, aliyekaa nyuma huiona imezunguka mkia. Ndege ikiwa juu sana kuliko mawingu huwezi kutofautisha, lakini ikiyakaribia inaonekana wazi kabisa. Maana yake, kila abiria wa upande ule aliyetazama nje jioni ile alikuwa na pete yake mwenyewe. Ile aliyoiona mume wako hakuna mtu mwingine aliyeiona.

Hili limeshuhudiwa tangu kabla ya ndege kuwapo. Katika miaka ya 1730 wasomi wa Ufaransa na Hispania walitumwa nchi inayoitwa Ecuador leo kupima umbo la dunia. Asubuhi moja wakiwa kileleni Pambamarca, jua likachomoza nyuma yao na vivuli vyao vikaangukia ukungu uliokuwa mbele. Kila mmoja akaona kichwa chake kimevikwa pete za rangi, na juu ya vichwa vya wenzake hakuona kitu, ingawa walisimama bega kwa bega. Pierre Bouguer aliandika habari hiyo akiwa amestaajabu. Huko China, mahujaji wanaopanda mlima Emei wameiona kwa karne nyingi na kuiita nuru ya Buddha. Na mwaka 1894 kijana wa Kiskoti, C. T. R. Wilson, aliiona akiwa kituo cha hali ya hewa juu ya mlima Ben Nevis, ikampendeza mno hata akaenda maabara kujaribu kutengeneza ukungu wake mwenyewe ndani ya chupa. Jaribio lile lilikuja kuwa chombo cha kuonyesha njia za chembe zilizo ndogo kuliko atomu, na mwaka 1927 likampa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Watoto waliomcheka baba yao wasomewe hapo.

Sasa inakuwaje. Wingu la chini limejaa vitone vya maji vyembamba kama sehemu ya mia ya milimita, au zaidi kidogo. Mwanga wa jua ukiingia pembezoni mwa kitone, sehemu yake huzunguka ndani na kurudi ulikotoka, na sehemu nyingine huambaa juu ya ngozi ya kitone kabla ya kugeuka. Mawimbi hayo yakikutana yakirudi, rangi nyingine hukuzana na nyingine hufutana, kila moja kwa pembe yake. Nyekundu hukaa nje, buluu ndani. Wingu likiwa na vitone vinavyolingana utaona pete mbili, hata tatu, moja ndani ya nyingine. Upinde wa mvua tuliouzoea hutokana na matone makubwa ya mvua, na upana wake ni mkubwa sana. Hii ni ndogo: nyoosha mkono ukunje ngumi, mara nyingi ngumi hiyo inatosha kuifunika. Vitone vikiwa vidogo zaidi pete hutanuka, vikikua hujikunja. Rubani mwenye jicho zuri anaweza kuitazama pete ikipanuka na kusinyaa akajua wingu lililo chini yake linabadilika.

Wengi hawaioni kwa sababu hawaitafuti. Ikiwa uko upande wa jua, huwezi kuiona hata kidogo. Mawingu ya juu sana yaliyoganda kuwa barafu hayaitoi. Na kivuli chenyewe kina tabia ya kupotea. Jua halitoki kwenye ncha moja. Ni duara lenye upana, na miale yake hukata kivuli kingoni. Kiwiliwili cha ndege chenye upana wa mita 2.7 hutoa kivuli cheusi kamili hadi umbali wa mita 300 hivi tu, na kupita hapo hubaki weusi mwepesi unaofifia. Ndege ikiwa mbali na mawingu utaona pete tupu, haina kivuli ndani. Kwa kuwa mzee aliona kivuli waziwazi, bila shaka ndege yake ilikuwa ikipita karibu na migongo ya mawingu. Labda ilikuwa imeshaanza kuteremka kuja Dar.

Tuje kwenye safari yako.

Kwenda, kaa kulia. Usiache jambo hili mpaka mlangoni. Mwambie binti yako achague kiti mapema kwenye simu, au ufike uwanjani mapema umwambie wa kaunta: "Naomba dirisha la kulia." Ukipewa bombadia, hizi ambazo watu huziita pangaboi, bawa liko juu ya madirisha kwa hiyo halikuzibii ardhi, ila omba safu isiyo mkabala na injini. Ukipewa jeti, bawa liko chini ya madirisha. Kaa mbele yake, au nyuma kabisa.

Kutoka Dar ndege huelekea kaskazini-magharibi na karibu kila kitu kizuri cha njia hiyo kiko mkono wa kulia. Kwanza mito inayopindapinda kwenda baharini, Ruvu na Wami. Wami unaijua, inapita wilayani kwenu, lakini hujawahi kuiona ikikaribia mwisho wake. Halafu angalia mabati. Jua la asubuhi litakuwa upande wako, na nyumba moja moja zitakuwa zikimetameta kisha kuzima, kisha ya pili, kisha ya tatu, kama watu wanaopeana ishara kwa kioo. Mabwawa na majaruba hufanya hivyohivyo. Baadaye Usambara itainuka kama ukuta, na mashamba ya katani chini yake yamenyooka mistari utadhani daftari. Kisha Upare. Kisha bwawa la Nyumba ya Mungu, refu, limelala tambarare, na hapo uache kila ulichokuwa ukifanya.

Waliokuambia ni mawingu matupu hawajakudanganya kwa upande mmoja. Julai, wakati wa kipupwe, Moshi na Arusha hufunikwa na wingu la chini lililotandazwa kama blanketi. Mjukuu wako huenda akakaa siku kadhaa mfululizo bila kuuona mlima ulio nyuma ya nyumba yao. Lakini blanketi hilo halifiki juu. Ukiwa ndani ya ndege unalitazama kwa juu, na Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, kimesimama peke yake katikati yake kama kisiwa baharini, na kilele cha pili, Mawenzi, pembeni, kimechongoka na kuchakaa. Kibo kina mita 5,895. Mawenzi 5,149. Bombadia huruka hadi mita 7,600 hivi, kwa hiyo mlima hauko chini sana. Unakuwa karibu kabisa na usawa wako, na ukubwa wake ndipo unapoufahamu. Asubuhi jua huupiga ubavuni, na kila bonde na kila mwamba una kivuli chake. Ndiyo sababu napenda ndege za asubuhi kuliko za mchana: kufika saa 5 au 6, joto la mabonde limeshainua unyevu wa msitu na mlima umeanza kujifunika.

Ukibahatika ndege ikapita juu vya kutosha, tazama ndani ya kilele. Watu waliopanda kwa miguu siku sita hawauoni mpangilio huu kama utakavyouona wewe kwa dakika mbili: kasoko (shimo la volkeno) kubwa yenye upana wa kilomita mbili hivi, ndani yake kasoko ndogo ya duara, na ndani ya hiyo shimo la majivu. Duara tatu, moja ndani ya nyingine. (Naona leo nimeandamwa na duara.)

Kuhusu barafu nitasema ukweli, maana umefundisha na picha za vitabuni unazikumbuka. Usitegemee kofia nyeupe. Rubani wa Uswisi, Walter Mittelholzer, alipopita juu ya Kibo mwanzoni mwa 1930 akiwa na kamera, alipiga picha za barafu iliyomwagika mbavuni hadi chini. Mwaka 1912 barafu hiyo ilipimwa kuwa na kilomita za mraba zaidi ya 11. Kufika 2011 haikufika 2. Hewa ya milimani imekuwa kavu zaidi, theluji inayoanguka haitoshi kufidia inayoondoka, na joto la dunia limeongeza. Utakachoona ni vipande vilivyobaki, vyenye kuta zilizosimama wima kama za jiwe lililokatwa kwa msumeno. Tangu nilipoanza kazi hii hadi nilipostaafu, kuna kipande nilikuwa nikikitumia kumwonyesha rubani mwenzangu mahali, na miaka yangu ya mwisho sikuwa nakiona tena. Kitazame kilichobaki vizuri, kisha umweleze mjukuu.

Mitikisiko. Asubuhi ni kidogo kwa sababu ardhi haijapata joto. Jioni ni zaidi kidogo, kwa sababu hewa moto hupanda na ndege hupita juu yake kama gari kwenye barabara ya matuta. Utaona bawa linapepea nchani. Limetengenezwa lipepee. Mwaka 1995 mabawa ya Boeing 777 yalivutwa juu kwa makusudi kiwandani, yakavunjika mzigo ulipofika asilimia 154 ya mzigo mkubwa kabisa unaotarajiwa angani. Funga mkanda ukiwa umekaa, hata kama taa yake imezimwa. Hilo ndilo la maana.

Umeuliza mimi niliona nini. Nikuchagulie mawili.

La kwanza ni Ziwa Victoria usiku. Mchana nchi kavu hupata joto na mawingu ya radi hujengeka kuzunguka ziwa. Usiku mambo hugeuka: nchi inapoa haraka, ziwa linabaki na joto lake, upepo hutoka pande zote kuelekea katikati ya maji, na pale upepo unapokutana hewa haina pa kwenda isipokuwa juu. Wavuvi wetu hufa kwa ajili ya dhoruba hizo, na sisi tulizikwepa kwa mbali, kilomita 30 na zaidi, tukizisoma kwenye rada. Usiku mmoja tulikuwa tukitoka Mwanza, mwezi hakuna, na upande wa magharibi kulikuwa na safu ya mawingu marefu kutupita sisi. Radi zilikuwa zikipiga ndani yake, sauti haitufikii. Wingu zima linawaka kwa ndani kama karabai chini ya shuka, linazima, jirani yake linawaka. Ulikuwa unaweza kuona vyumba vya wingu, ngazi zake, kuta zake. Kijana niliyekuwa naye alikuwa mgeni kazini. Hakusema neno hadi tulipokaribia Dodoma, kisha akaniuliza kama kuna wavuvi chini yake. Nikamwambia lazima wapo.

La pili ni la Ramadhani. Tulikuwa tukipaa Dar kwenda Mwanza kwa jeti, jua limebakiza dakika chache. Ukiwa juu mita 10,000, upeo wa macho huwa mbali kilomita zaidi ya 350, na jua huchelewa kuzama kwako kwa dakika kama 12 kuliko kwa aliye chini yako. Tena tulikuwa tukienda magharibi, kilomita 800 kwa saa, wakati dunia huku kwetu huzunguka kwa 1,670 hivi. Tulikuwa tukilikimbiza jua kwa karibu nusu ya mwendo wake. Saa za abiria zikafika muda wa kufuturu Dar. Watu wameshika tende mkononi, na jua limekaa palepale dirishani, jekundu, haliteremki. Mhudumu akaja kuniuliza awaambie nini. Wanazuoni husema aliye angani hufuata jua analoliona yeye. Hata Dubai mwaka 2011 walioishi ghorofa za juu za Burj Khalifa waliambiwa wangoje dakika mbili au tatu zaidi ya walio chini. Basi nikashika kipaza sauti nikawaambia jua bado tunaliona, tuvumiliane. Hakuna aliyenung'unika. Lilipozama hatimaye, upande wa mashariki likapanda lile giza la buluu lenye ukanda wa waridi juu yake, ambalo ni kivuli cha dunia yenyewe kikiangukia angani, na nyuma yangu nikasikia vijiko na chupa za maji. Nilitoa matangazo mengi katika maisha yangu. Lile ndilo ninalolikumbuka.

Sasa kurudi, mama, na hapa ndipo nataka unisikilize sana. Kurudi, kaa kushoto.

Saa 10 jioni jua litakuwa magharibi na ndege itakuwa ikielekea kusini-mashariki, karibu kama ilivyokuwa ya mzee. Mkishapaa KIA mlima utakuwa kushoto, nyuma kidogo, kama haujajifunika, kwa hiyo utauona mara ya pili. Kisha uache mlima. Tafuta mahali ambapo kivuli cha ndege kingeanguka: ni chini, mbele kidogo, kinyume kabisa na jua. Mara baada ya kupaa kivuli utakiona chenyewe kikikimbia juu ya miti na mashamba, kikipungua. Kifuate kwa macho mpaka mawingu yaingie chini yenu, na usiondoe macho hapo. Ile blanketi ya asubuhi jioni huwa imevunjikavunjika, basi pete itawaka juu ya wingu, itapotea penye tundu, itawaka tena juu ya wingu linalofuata. Ikiwa ndege itapita kwenye wingu moja kwa moja, sekunde chache kabla ya kuzama ndani kivuli hukua ghafla na pete hukaza rangi zake. Wakati ndege inateremka kuja Dar huwa hivyo mara nyingi.

Kuna siku pete haitokei, kwa sababu mawingu hayapo au yako mbali. Usivunjike moyo. Lakini Julai, saa ile, njia ile, upande ule, nafasi yako ni nzuri kuliko ya abiria wengi ninaowajua.

Ukiiona, angalia imezunguka sehemu gani ya kivuli. Ikiwa ni mbele ya bawa nawe umekaa mbele ya bawa, basi ni yako. Hesabu pete ni ngapi, angalia kama nyekundu iko nje, kisha uniandikie pamoja na namba ya kiti chako.